Blanketi la Pipa

Nilipoajiriwa kwa Mama Nkwimba, nyuma ya Bugando,
niliambiwa neno moja tu: wageni waoge.
Vyumba kumi na viwili, boila moja,
pipa la chuma juu ya matofali
na bomba la moshi lililopinda kama shingo ya korongo.
Nikawasha. Nikachochea. Nikachochea tena.
Moto ukanguruma,
nami nikadhani kunguruma ndiyo kazi.

Magogo ya mkaratusi, kumi na saba kwa siku,
na aliyefaidi zaidi mtaani
alikuwa kunguru aliyekaa pale bomba linapotokea paani.

Akaja fundi Lushinge wa Mabatini,
mtu mfupi, hukohoa kwanza ndipo aseme.
Spana hakuigusa.
Aliweka kiganja kwenye bomba la moshi, akakitoa mbio.
Akakitia ndani ya maji, akakiacha humo.
Akakohoa.
"Kwilasa, wewe unaipikia mbingu.
Wageni wanaoga makombo."

Akafungua mlango wa tanuri, akaingiza mkono hadi begani,
akautoa na masizi, unene wa kidole.
"Hili nalo ni blanketi," akasema,
"ila umelivika upande usio wake.
Linayakinga maji yasiuone moto."

Siku ile nilikwangua mpaka chuma kikalia.
Nikajifunza tundu la hewa:
liache wazi kuni zikishika, libane zikiwa makaa,
maana hewa ya ziada huingia na baridi yake
ikatoka na joto lako.
Nikajifunza kwamba kuni mbichi huula moto
kabla ya kuulisha;
nikazipanga ukutani, zikakaa
hadi ukizigonga zikajibu.
Na kwamba maji ya kuoga hayana haja ya kuchemka.
Nani amewahi kuoga chai?

Kisha blanketi la pili, la upande wake:
magunia, pumba za mpunga kutoka Magu,
waya wa kufungia, vidole vyangu kuchubuka.
Mama Nkwimba alicheka mpaka akakaa chini.
"Pipa langu lina mimba!"
Acheke.
Mimi hilo niliwahi kuliona kwa mawe.
Mji huu mawe ndiyo wenyeji, sisi tumepanga kati yao;
na jiwe halina kuni, halina fundi,
lakini liegemee saa tatu za usiku,
utakuta jua la saa nane bado liko mgongoni mwake.

Daftari langu lina majivu kwenye kurasa.
Jumatatu, kumi na saba.
Wiki iliyofuata kumi na mbili
(mvua; wa chumba cha nne alioga mara tatu).
Kisha tisa. Kisha nane.
Siku moja kumi na tano:
niliacha tundu wazi nikaenda kutazama mpira.
Hiyo nayo nimeiandika.

Usiku mmoja, saa tisa, mlango ukagongwa kwa kucha.
Mama wa chumba cha saba, mtu wa Ukara,
ametoka wodini na ndoo, ndani yake nguo za mtoto.
"Najua saa hizi maji ya moto hayapo," akasema,
kama mtu aliyekwisha kujijibu njiani.
Moto ulikuwa umelala tangu saa moja jioni.
Nikafungua bomba.
Akagusisha kidole, kisha mkono mzima,
akauacha pale, maji yakimpita.
Hakuuliza yametoka wapi.
Nami sikuuliza habari za mtoto.
Alifua kimoja kimoja, vitu vidogo,
soksi, kofia ya sufi,
na upepo wa ziwani ukapanda kati ya mawe
ukaligusa gunia, ukapita.

Kulipokucha niliandika: nane.
Nikaitazama ile nane.
Pembeni yake, kwa herufi ndogo, nikaongeza:
ndoo mbili, saa tisa, bila kuni.