Harusi ya Mtaa wa Kent

Usiku wa tisa sijalala.
Honi ya kwanza hulia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama,
ya pili humjibu kutoka ng'ambo ya kanisa,
halafu mtaa mzima unabweka
na glasi kabatini zinatetemeka meno.
Ottawa, Februari, ghorofa ya nne.
Harufu ya dizeli imeingia mpaka kwenye unga wangu wa ugali.

Zamu ya mchana huanza saa nane.
Suruali mbili, soksi tatu,
kitambulisho cha makao ya wazee nakificha chini ya koti:
jana walimfokea Mwamini kisa barakoa.
"Ivue! Uko huru!"
Alifika kazini akicheka, mikono ikimtetemeka.

Malori yamepangwa pua kwa mkia
kama tasbihi ya mtu asiyemaliza dua.
Nyama inachomwa. Wanaume wanacheza densi kwenye theluji,
mtoto anasukuma gongo lake la hoki katikati ya matairi,
na bango lile lile:
SERIKALI, TURUDISHIE MAISHA YETU.
Nalisoma kila siku, na kila siku nasimama kidogo.
Turudishie.
Ningekuwa na bango, ningeandika nini?

Kwetu Uvira wanasema kifo cha wengi harusi.
Haya, basi hii ndiyo harusi yenyewe, na ngoma, na pilau yake.
Ila wafu wetu hawakufa wengi.
Walikufa mmoja, halafu mmoja, halafu mmoja,
kila mmoja na mlango wake umefungwa,
nami nimevaa mfuko wa taka badala ya joho la kinga
kwa kuwa serikali hiyo hiyo ilisema maghala yamejaa.

Kwenye kona, mlango wa lori jekundu unafunguka.
Mwanamume mwenye barafu ndevuni ananitazama,
si usoni, uso hauonekani: machoni.
"Ni wewe," asema. "Wewe wa dirishani."

Normand. Mwana wa Bi Laurette Gauvreau, chumba namba kumi na saba.
Aprili ile alisimama nje kwenye tope la theluji siku kumi na moja,
kiganja juu ya kioo,
nami ndani nikiuinua mkono wa mama yake,
mwepesi kama ganda la yai,
nikiubandika upande wa pili.
Siku ya kumi na mbili nilibandika mkono wangu mwenyewe.
Sikujua lingine la kufanya.

"Walininyima mlango," asema.
"Wangenipa barakoa kumi, ningezivaa zote kumi."

Nataka kumwambia: ni mimi niliyefunga,
funguo zilining'inia shingoni.
Nataka kumwambia: Nabintu wa zamu ya usiku alikufa Mei
na hakuna aliyempigia honi.
Nataka kumwambia: niacheni nilale.
Nasema, "Mama yako aliniita Ginette mpaka mwisho."

Anacheka. Halafu hacheki.
"Ginette ni dada yangu. Alizama ziwani, ana miaka sita."

Ananipa kahawa, naipokea.
Sishushi barakoa, naye haniombi niishushe.
Mwenzake wa lori la nyuma anaegemea usukani,
Normand anageuka, anainua mkono:
ngoja. Ngoja kwanza.

Na kwa muda wa, sijui, hatua arobaini
Mtaa wa Kent ulinyamaza nikapita.
Nilivisikia viatu vyangu vikitafuna theluji.
Kisha zikaanza tena, zote kwa pamoja,
na ile moja nzito, ya katikati,
sikujua ni yake au si yake.

Nilichelewa dakika tisa. Kahawa ilikuwa imeganda ukingoni.
Niliimwaga kwenye sinki,
nikanawa mikono sekunde ishirini kama kawaida,
nikaanza na chumba namba kumi na saba,
ambako sasa analala mwingine,
kiziwi, ashukuriwe Mungu,
aliyeniuliza kwa nini dirisha linatetemeka.