Maharage Angani

Jumamosi, sehemu ya saba.
Mvua ya Tukuyu haikukata tiketi
lakini ilitangulia kuingia bandani,
ikakaa juu ya bati, ikaongea mwanzo mpaka mwisho,
hata pale ambapo, kule kwenye kioo,
hapakuwa na hewa ya kubeba sauti.

Kituo kinavuja.
Hewa iliyobaki ni ya watu wanne, nao wako watano.
Fundi, yule mama mwenye mvi, anatazama saa,
anaingia kwenye bustani yake ya maharage,
anakata bomba, anafunga mlango kwa ndani.
Basi. Majina yakaanza kupanda,
na hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi.

Ambakisye, mchomelea mageti, ndiye aliyeanza.
“Ufa ule ni kazi ya dakika kumi!
Mtu hafi kwa tundu la upana wa kidole,
anakufa kwa uvivu wa aliyetunga.”
Alikasirika kweli. Akavaa kofia, akaivua.

Sekela alikuwa ametoka zamu, wodi ya watoto.
“Hesabu hiyo naijua,” akasema.
“Mtungi mmoja, vitanda viwili.”
Hakuendelea. Akaomba chai nyingine.

Mzee Mwandemele yeye alitaka kujua ukoo.
“Atazikwa wapi? Kapteni kasema maneno mawili
kila mtu karudi kwenye vitufe vyake.
Hakuna aliyelala chini, hakuna sufuria jikoni,
hakuna hata shangazi mmoja wa kulaumu watu.
Msiba gani huo?”

Halafu Ipyana, wa miaka tisa, anayelipa nusu,
akauliza habari za dirisha.
Dirishani dunia ilikuwa imepita polepole:
Afrika, kisha Ziwa Nyasa, jembamba kama mkwaruzo,
na juu ya ncha yake wingu jeupe, zito.
“Si sisi wale, chini ya wingu?”
Watu wakacheka.
Kisha wakanyamaza, wakasikiliza bati.
“Sasa mbona hawakutupungia mkono?”

Nilikuwa nimeshika rimoti, sina jibu.
Asubuhi nilishaitazama peke yangu, kujaribu mashine,
nikafuta macho kwa kitambaa cha kufutia vumbi.
Hilo sikuwaambia.

Tusajigwe, muuza maharage, alikuwa wa mwisho kuondoka.
Alisimama mlangoni akikunjua mwavuli wenye mbavu tatu.
“Nyie mnalia fundi, mnalia kapteni.
Yalipandwa sehemu ya kwanza, nikaona.
Ya tatu yakachipua, yamesongamana mno,
nikasema huyu mama hajui nafasi.
Leo yametoa maua.
Ua likishatoka, wiki tatu unachuma mabichi.
Nani atayachuma?”

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameyaona maua.

Nilifunga banda kwa nje, kofuli kubwa,
nikabaki na ufunguo mkononi muda mrefu kidogo,
mvua ikinishukia shingoni.

Jumanne akapita na debe lake kichwani,
hakusimama, hakugeuza shingo:
“We Lugano! Sehemu ya nane
wakiyaacha yakauke,
unirudishie mia tatu yangu.”