Injini Mezani

Bogumila, mwezi wa pili huu
injini ya Fiati imelala kwenye meza ya jikoni
nasi tunakunywa supu tumesimama.
Bialistoki yote ni theluji. Gereji hatuna;
tuna ghorofa ya tatu,
na mgongo wangu ulioipandisha.

Silinda mbili tu, kama vikombe vya wageni.
Valvu nimezisaga kwa viganja hadi zikakaa.
Pistoni zimo ovenini, kando ya keki yako ya asali:
zikishika moto, pini itateleza yenyewe.
Usinune.
Keki itanukia oili, lakini kidogo.

Juzi nilimaliza kufunga, nikapiga mluzi.
Kisha, chini ya kopo alilotuachia baba yako pamoja na gari,
nati moja.
Ya wapi?
Mzee Zenoni akacheka kwenye simu hadi akakohoa:
"Hiyo ilinibakia mimi, mwaka wa themanini na nne.
Gari si lilienda?"

Lilienda, ndiyo, likivuja miaka yote.

Nimefungua tena kila kitu.
Pahali pake nimepaona, pana kutu ya uzee.
Nimeikaza robo, nikapumua, nikaikaza robo tena.

Haya, tandika kitambaa.
Meza ni yako.