Sanduku Namba 37, Butere

Ufunguo ninao bado. Mdogo kama jino la mbuzi,
namba imekwanguka, saba imebaki mkia tu.
Sanduku lenyewe halipo. Ukuta ule sasa
unauza rangi, mabati, mabomba ya plastiki,
na kijana wa duka aliponiuliza, "Nikupe nini, mzee?"
nilisema, "Nusu kilo ya misumari,"
kwa aibu ya kutaka kitu kingine.

Jumanne na Ijumaa
garimoshi la Kisumu lilifika likihema,
likaishiwa na reli hapo hapo, kama mtu aliyeishiwa na hadithi.
Gunia la barua liliteremshwa kabla ya abiria
na sisi watoto tulilifuata hadi posta
kwa adabu ambayo kanisani hatukuwa nayo.

Bwana Ambetsa: kaptula ya kaki, soksi za magotini.
Mizani yake ya shaba ungedhani inapima hata pumzi.
Kalamu ya umma ilifungwa mnyororo
kana kwamba ina deni.
Muhuri, ta! Wino. Ta! tena,
na harufu ya gundi, ya lakiri iliyoyeyuka,
ya mafuta ya nywele ya akina mama
waliojipamba kuja kungoja mani-oda.

Kukhu Rasoa hakujua alifu kwa kijiti.
Alisukuma bahasha chini ya wavu: "Nisomee, mwanangu."
Ambetsa alivua miwani, akaifuta, akaivaa,
akasoma kwa sauti ya siku ya ubatizo:

*Kwa mama mpendwa, salamu nyingi, tena nyingi,
zisizo na idadi kama majani ya chai ya Kericho.
Mimi huku Nakuru ni buheri wa afya,
hofu na mashaka ni juu yenu huko.
Je, yule ng'ombe mwekundu alizaa?
Na goti lako, mama, lingali likikusumbua mvua zikianza?
Nisalimie wote, usimsahau paka.*

Kukhu akajibu papo hapo: "Alizaa, dume.
Goti nalo, hivyo hivyo,"
kana kwamba mjomba Eliakimu ameketi nyuma ya wavu ule.

Nilipofika darasa la nne nikabebeshwa barua kuirudisha nyumbani.
Nikaifungua kwenye kidaraja, miwa kushoto, miwa kulia.
Mistari miwili.
*Mama. Kazi imesimama.
Kama kuna kuku uza, unitumie nauli.*
Hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa na goti.
Niligeuza karatasi: nyuma, weupe mtupu.

Nilimchukia Ambetsa wiki nzima.
Kisha nikamwambia Kukhu, jikoni, moshi ukinisaidia kulia.
Alikuwa akichambua mrenda. Hakuinua macho.

"Kusoma sijui," alisema, "lakini karatasi naijua uzito.
Maneno yale yote yangekaa wapi
kwenye kikaratasi kile?
Ya kuku aliyasoma mwisho, polepole, akiangalia kando.
Kuku nimeshauza."

Akapuliza moto.

"Eliakimu hajaniuliza goti tangu nimzae.
Ambetsa huniuliza kila barua ikija."

Simu yangu hutetema siku hizi:
umepokea, salio lako ni.
Kweli tupu, na haraka, na sina malalamiko;
ada ya shule ya wajukuu hupita humo humo.
Lakini juzi ilipotetema nilijikuta
nikiisoma kwa sauti, peke yangu barazani,
nikaongeza swali moja lisilokuwamo.

Alihamishwa, wakasema Malava, wengine wakasema Lugari.
Najaribu kukumbuka nani alimwandikia yeye.
Barua zote zilipitia mikononi mwake
na sikumwona hata siku moja
akifungua bahasha na kunyamaza.

Misumari iko mezani, kwenye gazeti.
Ufunguo nimeuchanganya nayo.