Sekunde Arobaini

Kifurushi kilifika Jumanne, mvua ikinyesha Balatonfüred,
nikakipasua kwa kisu cha nta, kile ninachochongea
meno ya bandia ya wazee wa mji huu.
Ndani, saa nyeusi, nyepesi kama biskuti:
forinti laki mbili na elfu themanini, kwa awamu kumi.
Bertalan, mume wangu, akauliza, "Ile ya zamani imekufa?"
Nikasema hapana.
"Inaumwa?"
Nikasema betri inakata roho kila nikifika kwenye mbio.
"Hata wewe," akasema.

Ya zamani naijua kama fizi zangu.
Mkanda ulipasuka, nikauunga kwa resini ya maabara;
kitufe cha kushoto hakisikii mpaka ukibane kwa ukucha.
Ilikuwa mwongo mkarimu.
Ziwani, kila mkono ulipozama iliipoteza setilaiti,
kisha ikachora njia yangu kwa kukisia:
mara nimepanda gati,
mara nimekatiza mizabibu ya akina Rozália,
mara nimepita, na miwani ya maji usoni,
katikati ya kanisa la watawa wa Tihany.
Tulicheka sana.
Lakini kilomita zake nilizila zote, na mifupa yake.
Nilimtambia nazo Csongor wa duka la baiskeli:
elfu tatu na mia nane, kijana, bila kugusa chini!

Hii mpya haina utani.
Kabla ya salamu iliniuliza umri, uzito,
mapigo ya juu ya moyo, mkono nitakaoivaa.
Jumamosi nikaingia majini, boya hadi boya,
njia ile ile, baridi ile ile ya Mei ing'atayo magego.
Nikatoka, nikaifuta kwa kidole gumba, nikasoma:
elfu tatu mia tatu na kumi na mbili.
Jumapili nikarudia.
Elfu tatu mia tatu na tisa.

Karibu mita mia tano.
Nani aliziogelea, basi, miaka sita,
kila wiki mia tano?
Nilikaa kwenye ngazi ya gati, natiririka maji,
kama mtu aliyeambiwa leo
kwamba noti za mshahara wa mwaka juzi zilikuwa bandia,
na chakula alichonunulia ameshakula.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda.
Kidonda changu kina ramani, kina rangi, kina maoni.
Nilipoendesha hadi Veszprém na kurudi, upepo usoni,
kikaniandikia: pumzika saa sabini na mbili.
Saa, kunigawia saa!
Na meno ya bibi Piroska yanatakiwa Alhamisi.
Inataka pia nilale nayo, inipime ndoto. Hapo nimekataa.
Usiku inakaa mezani, imekunja mkanda.

Ila haki yake siinyimi.
Niliposhuka kwenye baiskeli, miguu mbao,
ilibadilika yenyewe, sikubonyeza kitu,
ikatetemeka mara moja tu,
kama mtu akugusaye kiwiko kwenye foleni: zamu yako.
Nikakimbia.
Mwishoni betri yake ilikuwa na asilimia themanini na moja.
Mimi nilikuwa na mbili.

Ya zamani niliitia kwenye droo ya vijiko,
nikasahau kuizima kengele.
Saa kumi na moja na dakika kumi, alfajiri, kila siku,
inalia humo, uma zote zinaitikia.
"Maiti wako ameamka," Bertalan ananung'unika, anageukia ukuta.
Droo haina mbingu. Haioni setilaiti hata moja,
kwa hiyo imeanza kuitangulia dunia
kwa sekunde arobaini.
Ndipo ya mezani, kwa wakati kamili, hutetemeka
ikiutaka mkono wangu.

Sijaizima ile ya droo.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo sakafuni,
moyo unakwenda unavyokwenda.
Nje kuna ziwa.
Sijui lina mita ngapi.