Hodenini

Dungusi hili halikuja na meli.
Lilinunuliwa Ibra, soko la wanawake la Jumatano,
riali moja na baisa mia mbili,
likiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Shangazi Thuwaiba akalipanda juu ya ukuta
mbuzi wa jirani wasiruke.
Miaka thelathini mbuzi walilinusa,
wakakunja midomo, wakaenda zao,
na sisi tukidhani wanaogopa miiba.

Shangazi naye alikuwa na lake.
Kila mlango wa mtaa ule aliubishia "Hodi!"
na kila mlango ukanyamaza,
kwani hapakuwa na wa kumwambia "Karibu."
Hatimaye walimfungulia, kwa Kiarabu,
wakimwita Mama Hodi.
Hakulibadilisha.

Machi nyumba iliuzwa.
Nilikata pande moja kwa kisu cha jikoni,
nikalifunga kwenye taulo lake la kijani,
nikaendesha hadi Al Khoudh,
maabara ya ghorofa ya pili,
ambako mimi ni fundi wa mizani na chupa.

Siku nne nikalikausha. Nikalisaga.
Tindikali, kisha magadi, kisha kile kimiminika
kinachokimbilia hewani hujamaliza kukitaja.
Chini ya chupa zikabaki chembe nyeupe,
haba, kama chumvi mgongoni
mwa shati la mjenga barabara mwezi wa Agosti.

Mashine ikachora mlima mmoja mwembamba.
Nikalisoma jina kwa sauti, saa kumi jioni:
hodenini.

Hodi — ni nini?

Nikacheka mpaka Sajeev, mtu wa Kerala,
akavua miwani kunitazama.
Nimweleze vipi?
Kwa Kiarabu halichekeshi. Kwa Kiingereza limekwisha kufa.

Vitabu vinasema dawa hiyohiyo imo katika shayiri
inapoanza kuchipua
(shayiri, nasema, si shairi,
ingawa jioni ile sikuwa na hakika),
na kwamba ni chungu,
na kwamba uchungu ndio kazi yake:
mmea hauna miguu ya kukimbilia
wala mlango wa kufunga,
basi hujibu kabla ya kubishiwa.

Niliionja, ndiyo. Kanuni ziko ukutani, nazijua,
nilizibandika mwenyewe.
Ncha ya ulimi tu.
Ikakaa pale, kali, haisogei,
kama mtu aliyesimama kizingitini na kikapu mkononi.

"Karibu," nikasema.

Sajeev akageuka kuutazama mlango.