Kubandua Majira ya Baridi

Novemba ile mama mkwe alisema: vitambaa.
Chana shuka kuukuu, paka sabuni ya kufulia,
bandika kwenye nyufa, baridi itakesha nje.
Theluji ikiyeyuka, maji ya uvuguvugu tu,
na kitambaa kitakuaga chenyewe.

Mimi nilikuwa na haraka, na mtoto ana kifua,
na juu ya kabati palikuwa na selotepu pana ya kahawia,
ile ya kufungia maboksi,
aliyoiacha Vardges alipokwenda Krasnodar kujenga nyumba za watu.
Niliivuta ikalia kraaa, bata mwenye hasira,
nikaikata kwa meno.
Madirisha manne, ghorofa ya tano,
hata upepo wa mlimani ukakosa pa kupenyeza kidole.

Sasa ni Aprili. Uani theluji imebaki fungu moja,
jeusi, nyuma ya gereji ya Knarik,
na mimi niko juu ya stuli, nabandua.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Guu langu zima. Zilizovunjika ni kucha, tatu,
maana plastiki inatoka, inachanika uzi uzi,
lakini gundi haitoki.
Imebaki kwenye mbao nyeupe na kwenye kioo,
rangi ya chai iliyolala,
inashika vumbi, inashika nzi wa kwanza wa mwaka,
inanishika mimi.

Haykanush amekaa na sinia la dengu mapajani.
Hasemi "nilikwambia."
Anasema, "Mafuta ya taa."
Nasema mtoto ana kifua.
"Basi vodka."
Vodka ni ya wageni na ya mazishi, nasema,
naye ananitazama kama mtu aliyewahi kuzika kwa chai.

Tunaanza na siki. Nyumba inanuka kabichi la pipa,
gundi haijasikia.
Maji ya moto: inanawa uso, inabaki palepale.
Kikausha nywele cha Astghik: fyuzi inakatika.
Wembe ni wa kioo tu; kwenye mbao unakula rangi,
na rangi hii aliipaka Vardges
mwaka tuliooana, akaimwagia hata paka.

Mwishowe, mafuta ya alizeti.
Kijiko kimoja kwenye pamba, bandika, subiri.
Subiri kweli, si kwa kuchungulia.
Kisha sugua kwa kidole gumba, mduara, bila ugomvi,
na gundi inajikunja, inakuwa vijidudu vyeusi,
inakubali.

Kwenye fremu ya jikoni
nimekuta kipande nilichoongeza Januari, ufa ulipopiga mluzi,
nilichokibandua kwenye boksi lake la Mwaka Mpya.
Kilikuwa kimeondoka na ngozi ya boksi,
na plastiki ilipotoka, ngozi imebaki,
na juu yake mwandiko wake, wino wa buluu:
*…nush, ghorofa ya 5, Vanadzor.*

Mwezi wa pili huu hajapiga simu.
Fedha zinafika. Sauti haifiki.

Nimeshika pamba, nimesita.
"Ni mkono wake?" anauliza bila kuinua macho.
"Ni wake. Ameandika Siranush."
Dengu zinaacha kudondoka.
Anakuja, miwani puani, anasoma kipande kile muda mrefu
kuliko maneno yaliyomo.
"Hiyo ni mimi," anasema. "Boksi lilikuwa la viatu vyangu."

Nataka kubisha. Mwisho wa jina lake ni mwisho wa jina langu,
na mtu aliyeko mbali huandika kwa haraka.
Natazama miguu yake: viatu ni vile, vya manyoya,
kimoja kimeanza kufumuka.

Ananinyang'anya pamba. Anaichovya mwenyewe.
Buluu inatoka kwanza,
kisha karatasi, kisha gundi,
kisha hakuna kitu ila mbao na mafuta
na vidole vyake viwili vimepata rangi.

Tunasukuma wote, bega kwa bega. Dirisha linagoma,
linaguna, linafunguka,
na Knarik chini anauliza kwa sauti tumekaanga nini.

"Novemba," anasema Haykanush,
akijifuta vidole kwenye aproni yangu,
"vitambaa."